Nyekundu Kushoto, Kijani Kuume

Mume wangu alikuwa fundi umeme kwenye meli za mto, zile zinazoshuka mpaka Kinshasa. Vita ilipofunga mto, meli yake ilibaki bandarini Kisangani mpaka majani yakaota juu ya chuma, na yeye akabaki nyumbani. Mimi niliuza chumvi na sabuni sokoni, vitu ambavyo kaka yangu alivileta kwa ndege kutoka kwetu Kivu ya Kaskazini. Nikirudi jioni namkuta kwenye kiti kilekile, anatazama ukuta. Wanaume wengine wa meli walishapanda mitumbwi, wakapenya kwenda upande wa pili wa vita, na wake zao hawakupata hata salamu. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi huo mshindo nilikuwa nauona unakuja. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kumpoteza kuliko nilivyoogopa mabomu.

Alors, siku moja kaka yangu akakuta boksi ndani ya mzigo wa mitumba. Ni ule mchezo wa kuunganisha: ndege ya kwenda kwenye nyota, vipande vya plastiki ya kijivu, karatasi ya maelekezo hakuna. Aliwaletea watoto, si ndiye tonton yao, mjomba. Wakaigombania, wakachoka, wakakimbilia mpira wao.

Kesho yake narudi kutoka sokoni, kiti kitupu. Nikajua amepanda mtumbwi. Kumbe bwana yuko nyuma ya nyumba, amechuchumaa kando ya mbabula, jiko langu, anachoma spoki ya baiskeli kwenye makaa na kutoboa nayo plastiki. Ndizi za kuponda lituma zilikuwa bado mbichi kwenye sufuria, moto wote umekuwa wake. Sikusema kitu. Bon, nilisema kidogo.

Gundi aliomba kwa vijana wa toleka, wale wanaobeba watu kwa baiskeli, maana hawakosi gundi ya kuzibia mipira. Vitaa alivitoa kwenye redio zilizokufa za mtaa mzima, vyekundu na vya kijani, vile vinavyowaka redio ikifunguliwa. Nyaya alizifumua kwenye spika iliyopasuka. Mara ya kwanza alipowasha, tumbo zima la ndege likawaka kama jipu, kwa sababu plastiki ilikuwa nyembamba na mwanga ulipita popote. Watoto walicheka, mimi nikacheka, yeye hakucheka. Aliipasua upya kwa kisu, akaipaka ndani rangi nyeusi ya viatu vya shule, kopo zima. Nikamwambia sawa, Jumapili ndege yake ndiyo itakwenda misa, watoto watabaki nyumbani na viatu vyao vya kijivu. Akanitazama, halafu akacheka mpaka akakohoa. Tangu mto ufungwe sikuwa nimesikia kicheko hicho, nikageuka kupepea moto ili asione macho yangu.

Kwenye picha ya boksi taa zote zilikuwa za buluu, na watoto walitaka buluu. Akakataa kabisa. Aliweka nyekundu ubavu wa kushoto, kijani kuume, na nyuma balbu moja nyeupe ya tochi, kama meli yoyote ya mto. Nikamtania kwamba huko juu hakuna fungu la mchanga wala mtumbwi wa kugonga, sasa nani atasoma taa zake? Akajibu kwamba chombo ni chombo, na chombo kisichoonyesha upande wake kinaua watu. Kisha akanishika mabega, akanisimamisha mbele ya pua ya ile ndege, akawasha.

"Unaona taa ngapi, maman?"

"Mbili. Nyekundu na kijani."

"Bon. Ukiona zote mbili, chombo iko nakuja kwako. Ukiona nyeupe peke yake, iko nakwenda."

Hakurudi tena kwenye kile kiti. Majirani waliokuwa wametoa redio mbovu walianza kuleta zile zenye uhai kidogo ili azitengeneze, na nyumba yetu ikajaa miziki iliyokatikakatika. Mji ulikuwa na vita, na mimi nilikuwa na furaha. Siwezi kudanganya.

Halafu mto ukafunguliwa. Watu walicheza bandarini, na mimi nilipiga makofi huku macho yangu yako kwake. Sisi wake za watu wa mto tunajua mambo: kila bandari ina mama anayejua kupika samaki kukushinda wewe. Mwenye meli akamwita, naye akaondoka asubuhi, akasema tu atarudi. Nani hasemi hivyo?

Jioni niliketi kitandani, nikawasha ile ndege. Aliiacha juu ya kabati fupi, kati ya kitanda na mlango, na pua alikuwa ameielekeza mlangoni. Niliona nyeupe peke yake. Aka, nilikataa. Niliinuka, nikaigeuza pua inielekee mimi.

Kila jioni niliiwasha kidogo. Mawe yake, zile betri, yakichoka niliyaanika juani juu ya bati. Yalipokufa kabisa nilitoa yale ya redio yangu. Majirani wakiniuliza habari za Kinshasa, nasema redio yangu iko na njaa.

Alirudi wakati wa mvua, jua linazama, na mfuko begani. Nilikuwa nimeketi kitandani, taa zinawaka. Akasimama mlangoni, akaitazama ndege muda mrefu, uso ukamlegea. Pale aliposimama, aliona nyuma yake tu.

"Iko nakwenda wapi?" akauliza polepole.

"Haiendi popote. Zunguka, kuja usimame huku kwangu."

Akaweka mfuko chini, akavua viatu vyenye matope, akaja.