Mashariki ni Upande wa Ziwa

Somo lilikuwa maarifa ya jamii, mada mahali na pande za dunia. Mkufunzi wa chuo alikuwa ametoka Mbarara kuja kunipima. Akiridhika, napata cheti cha ualimu. Asiporidhika, narudi kulima maharage hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Niliwatoa watoto darasani hadi uwanjani kwa mbwembwe zote.

"Nyoosheni mkono wa kulia upande wa ziwa. Huko ni mashariki. Mbele yenu ni kaskazini."

Mbele yetu palikuwa na kanisa. Msichana mmoja, Mkongo mwenzangu lakini mzaliwa wa hapa kambini, hakunyoosha mkono.

"Mwalimu, kila asubui jua inatokaka nyuma ya kanisa. Sasa inatokaka kaskazini?"

Nikatazama kanisa. Nikatazama ziwa. Jua lilikuwa juu kidogo ya paa la kanisa, limenikodolea macho, na bado mwili wangu ulibisha. Kwetu Kivu Kusini ziwa liko mashariki na milima iko magharibi. Hatukufundishwa na mtu, tulijua tu. Miaka yote niliyoishi hapa nilikuwa nimelihamisha ziwa la watu bila kujijua. Nilichanganyikiwa, nikaona aibu, kisha nikakasirika, na sijui nilimkasirikia nani.

Mkufunzi akafunga daftari. "Mwalimu, mimi narudi Jumatatu. Wewe tafuta mashariki kwanza."

Nilipofika nyumbani nikasimama nje, nikiutazama mlango wetu. Kwetu mlango huelekezwa jua linakochomoza. Huu, aliouweka marehemu baba, unatazama ziwa, na kila asubuhi mama hulalamikia baridi. Nikacheka peke yangu. Kumbe kupotea nimerithi.

"Mama, hata baba alipotea. Alidhani mashariki ni kule."

Mama alikuwa anachambua maharage, hakuinua uso. "Baba yako alijua muzuri fasi jua inatokaka. Nilimuambia mulango utazame kule, akakatala. Alitaka tu, akifungua mulango, aone maji."

Nilikaa mlangoni nikitazama maji, nikashindwa kujua kama nimepata jibu au nimepotea zaidi.

Jumatatu nilirudia somo, safari hii kwa kufuata jua. Watoto wote wakanyoosha mikono kuelekea kanisani. Nami nikanyoosha wangu, nikaushusha haraka, kwa kuwa ulikuwa umeelekea ziwani. Mkufunzi alikuwa anatazama mikono ya watoto. Akatia sahihi.