Mikono Mgongoni

Kwenye meli ile ya watalii palikuwa na mwanamke mmoja ambaye kazi yake, ukiacha maneno matamu ya kwenye mkataba, ilikuwa kupigwa. Mabaharia walimwita Nyundo. Mkataba ulisema ni msafisha vyumba, na kweli alisafisha: alitandika vitanda, alisugua vyoo, aliokota nywele za watu kwenye masinki. Lakini kila mashine za meli zilipogoma na safari ikabadilishwa, Meneja wa mapokezi alimwita mbio, akamvua aproni, akamvisha koti la buluu lenye vifungo vya kung'aa, akamsimamisha mbele ya kaunta.

"Kasimame pale," alimwambia. "Mikono mgongoni."

Kisha yeye mwenyewe akaingia ofisini na kufunga mlango, mwanamume mzima.

Na mashine ziligoma, jamani! Meli ile kwa nje ilipakwa rangi kila msimu, kwa ndani ilikuwa gofu. Leo usukani, kesho jenereta, keshokutwa pampu. Watu wamepanga mwaka mzima kuteremka mji fulani, wamenunua hadi kofia za kuteremkia, halafu kipaza sauti kinawaambia kwa sauti laini kwamba mji ule hawataukanyaga, lakini wasijali, watapewa juisi. Juisi! Mtu mwenye akili zake ataacha kuvunja kitu?

Kabla ya meli Nyundo alikuwa bondia, tena si wa kubahatisha. Alipigana kwenye kumbi zenye moshi na taa mbovu, akapasua watu, akapasuliwa nyusi, lakini kulamba sakafu, hajawahi. Sifa yake kubwa haikuwa mkono, ilikuwa shingo. Ngumi ikija, kichwa kilisogea kidogo tu, kama mtu anayetega sikio kwa jirani, ngumi ikapita na kumwacha mwenyewe akipepesuka. Hicho ndicho Meneja alichokipenda. Abiria akirusha kofi, linapita. Akirusha glasi, inapasukia ukutani. Mtu mzima akishapiga hewa mara mbili mbele ya mkewe, aibu humshika, hasira zikamwisha, akaomba hiyo hiyo juisi. Kurudisha kulikuwa mwiko. Mfanyakazi akimgusa abiria, kitumbua kimeingia mchanga, na Nyundo kazi ile aliitaka kufa kupona.

Aliitaka kwa sababu ya binti yake. Siku ya pambano la mwisho alishinda, akarudi nyumbani na uso usiotazamika: jicho limefumba, mdomo umechanika, shavu limevimba hadi sikioni. Binti, wakati huo hajaanza hata shule, alikuja mlangoni, akamwona, akapiga ukelele.

"Huyu siyo mama!"

Akakimbilia chini ya kitanda. Aliyemtoa huko kwa kumbembeleza ni mdogo wake Nyundo, ambaye mtoto alimwita mama mdogo. Nyundo mwenyewe alibaki jikoni na barafu usoni, akimsikiliza mwanawe akilia kwa kumwogopa. Wiki ile ile alitundika glavu. Akamwacha mtoto kwa mama mdogo, akapanda meli, na tangu hapo mkataba ukiisha alitia sahihi mwingine hapo hapo, maana mtoto anasoma.

"Nikija," alimwahidi kwenye simu, "utaniona na uso wangu mwenyewe, mwanangu. Hakuna atakayenigusa tena."

Ndiyo maana alikwepa vile. Meneja alidhani ni bidii ya kazi. Thubutu! Alikuwa anautunza uso.

Meli ilipita bandari ya mji wao mara moja kila msimu. Msimu wa kwanza usukani uligoma, wakapitiliza. Msimu uliofuata umeme ulikatika meli nzima, wakapitiliza tena. Mara zote mbili binti alishinda kwenye benchi la bandarini na nguo zake nzuri, mama mdogo pembeni, mpaka mlinzi alipokuja kuwaambia waende nyumbani. Msimu huu akatuma ujumbe wa sauti.

"Mama, nitakuja na mama mdogo kama kawaida. Nimekua, watu wanasema tumefanana. Ila nimechoka kusubiri meli. Mara hii usiposhuka, sitakuja tena, na simu zako sitapokea. Sisemi kwa hasira, mama."

Nyundo aliusikiliza ujumbe ule akiwa amekaa juu ya ndoo kwenye choo cha abiria, akaurudia, akaurudia. Kilichomchoma ni hilo la mwisho. Mtoto angemtukana, ingekuwa afadhali.

Basi siku ikafika. Asubuhi Nyundo alijipaka mafuta usoni, akapiga pasi gauni lake la kushukia, akalitundika nyuma ya mlango. Alikuwa anatandika kitanda cha abiria alipouona mji dirishani: mnara wa maji, maghala, paa la soko. Hapo hapo sakafu ikatetemeka, glasi zikagongana kwenye rafu, na kule chini pakalia kitu kama sufuria iliyodondoka ngazini. Halafu kimya.

"Usithubutu," Nyundo aliiambia meli. "Leo usithubutu, shetani we!"

Ilithubutu. Kipaza sauti kikaanza na ile sauti yake ya kubembeleza: injini moja imekufa, mlango wa bandari ni mwembamba, kuingia na injini moja ni hatari. Watatia nanga hapo nje mafundi waikague, kisha wataburuzana polepole moja kwa moja hadi kwenye karakana, mbali. Mjini hakuna kushuka. Nyundo alilikamata shuka akalichana katikati kwa mikono yake. Kabla hajamaliza kulia, Meneja alikuwa mlangoni na koti la buluu.

Ukumbi wa mapokezi ulikuwa umefurika. Siku nyingine abiria hupiga kelele kwanza, siku ile walianza na mikono. Ni mara ya ngapi safari inapanguliwa? Na mji huo hapo, wanaona hadi nguo zilizoanikwa! Mama mmoja alimpiga mumewe kwa mkoba, eti yeye ndiye aliyeichagua meli. Mume akamsukuma jirani, jirani akarudisha. Chungu cha maua kilipaa, kikapasukia kwenye nguzo, udongo ukawamwagikia watu vichwani. Mzee mmoja aliyekuwa anatafuta fimbo yake aliangushwa, wakamkanyaga mguu, na mfupa ulipovunjika watu wa mbele waliusikia. Nyundo aliwasukuma kwa mabega, mikono mgongoni vile vile, akasimama juu ya mzee wasimmalize. Kiti kilipita sikioni pake. Chupa ikapita. Mtu mmoja alimtemea mate, nayo akayakwepa.

Palikuwa na jitu moja la shati jekundu, shingo nene, ambalo tangu siku ya kwanza lilimtangazia kila mtu kwamba ni mkandarasi na limejenga nusu ya mji wake. Mkandarasi huyo alikuwa anakunywa tangu chai ya asubuhi. Alipanda juu ya kaunta kwa magoti, akamkamata ukosi yule msichana karani wa mapokezi, ambaye kosa lake lilikuwa kusema "samahani sana," akamtwanga ngumi ya pua. Damu iliruka hadi kwenye kompyuta. Karani alikaa chini bila kupiga hata kelele, amekinga damu kwa viganja, anaitazama inavyojaa.

Walinzi walimvuta Mkandarasi hadi kwenye veranda ya nje wakamkalisha akapigwe na upepo. Nahodha akaita boti ya bandari ije iwachukue majeruhi, mzee wa mguu na karani wa pua, wakatibiwe mjini.

Nyundo alilisikia hilo. Alimfuata Meneja ofisini, kwa mara ya kwanza bila kuitwa.

"Bosi, naomba niende na ile boti. Mwanangu yuko pale bandarini. Narudi na boti hiyo hiyo. Nikichelewa nifukuze."

"Boti ni ya majeruhi."

"Bosi, nakuomba. Miaka yote hii sijawahi kukuomba kitu."

Meneja alimtazama kuanzia viatu hadi nywele. Alikuwa anakunywa ile juisi.

"Wewe umeumia wapi? Huna hata mkwaruzo. Rudi kwenye kaunta."

Angeweza kumvunja pale pale, Mungu shahidi. Mkono ulikuwa umeshakunjika. Lakini ukimpiga bosi unafungiwa chumba cha chini mpaka mwisho wa safari, na chumba cha chini hakina gati. Akajikaza kisabuni, akarudi ukumbini.

Kupitia mlango wa kioo aliiona boti ya bandari inakuja, inaruka juu ya mawimbi. Nyuma yake, mbali, watu wadogo wadogo wamesimama bandarini. Mmoja wao alikuwa na nguo ya njano. Huenda siye, lakini kwa Nyundo alikuwa yeye. Na mlango ule ule ukafunguliwa kwa teke, akaingia Mkandarasi, walinzi wamemchoka.

"Yuko wapi mkubwa wenu? Leo nateremka hapa kwa heri au kwa shari!"

"Mkubwa yuko ofisini," Nyundo alisema. "Mimi ndiye niliyewekwa."

Mkandarasi akarusha mkono wa kulia. Kichwa cha Nyundo kikasogea, mkono ukapita. Watu wakacheka. Akarusha wa kushoto, ukapita nao, na jitu likajigonga kwenye nguzo. Kicheko kikazidi. Kwa kawaida hapo ndipo mtu huona haya. Huyu hakuwa na mshipa wa aibu. Alijivuta nyuma, akachuchumaa kidogo, na Nyundo, ambaye alizisoma ngumi tangu zikiwa begani, aliiona hii yote: inatoka chini, inakuja na uzito wa mwili mzima, inalenga taya.

Bondia ngumi ikija huuma meno, maana taya lililofungwa hustahimili. Huinamisha kidevu pia. Nyundo alikumbuka ukelele wa mtoto chini ya kitanda, akakumbuka "sisemi kwa hasira, mama," na kati ya hayo mawili ilibidi achague moja. Akapiga moyo konde. Akainua kidevu. Akaachia meno.

Taya lilivunjika kwa mlio ambao karani, aliyekuwa amelazwa kwenye machela, aliusikia akafunga macho. Nyundo aliona nyota, akaona dari, akalamba sakafu kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mkandarasi alisimama akitazama ngumi yake kana kwamba ni ya mtu mwingine, kisha akaanza kulia. Meneja alichungulia mlangoni. Nyundo, kinywa kimejaa damu, alimtazama kutoka pale chini, akamwonesha taya lake kwa kidole.

Wakamfunga taulo kuanzia kidevuni hadi utosini, wakamshusha kwenye boti.

Ni kweli yule wa njano alikuwa yeye. Alikuwa mrefu, karibu amfikie mama mdogo begani, na nyusi zile zile. Nyundo alikataa kubebwa, akapanda ngazi za gati mwenyewe, gauni la kushukia limebaki nyuma ya mlango, koti la buluu limelowa damu. Uso ulikuwa umevimba upande mmoja, jicho limeanza kufumba. Alisimama mbele ya mwanawe na uso ule ule aliouapia kwamba mtoto hatauona tena.

"Dada!" mama mdogo alipiga kelele. "Nani kakufanya hivi? Dada, sema!"

Nyundo hakuweza kusema. Maneno yote aliyoyapanga asubuhi yalibaki nyuma ya taulo. Alijaribu, likatoka povu jekundu.

Binti hakukimbia mara hii. Alimtazama mama yake, anachunguza lile taya.

"Mama mdogo," alisema, "si uliniambia hakuna anayeweza kumpiga mama? Si ulisema anazikwepa zote?"

"Nilisema, mwanangu."

"Basi hii uliiacha ije," binti alimwambia mama yake. "Uliiacha! Uliniahidi uso wako, mama! Uliniahidi!"

Akamrukia. Alimpiga kifuani, ngumi moja, mbili, nyingi, analia kwa sauti ya mtoto mdogo, na kila ngumi ilimtikisa Nyundo hadi kwenye mfupa uliovunjika. Mama mdogo alitaka kumvuta, Nyundo akakataa kwa kichwa. Mikono yake ilikuwa imeshajipeleka mgongoni yenyewe, kwa mazoea. Alisimama hivyo hivyo akazipokea zote, hakukwepa hata moja. Zilikuwa ngumi nzuri, zimenyooka, zinatoka begani. Zilikuwa na kasoro moja tu.

Basi akaitoa mikono mgongoni. Akaidaka ngumi ya binti hewani, akaifungua taratibu, kidole kimoja kimoja. Kidole gumba binti alikuwa amekificha ndani, na anayepiga hivyo hujivunja mwenyewe. Nyundo alikitoa, akaikunja ngumi upya, akakilaza gumba nje, mahali pake. Kisha akaiweka ile ngumi kifuani pake, ili mtoto aendelee.

Binti aliitazama ngumi yake ilivyokunjwa. Hakupiga tena, wala hakuuondoa mkono.