Sahani ya Siku ya Kliniki

Siku ya kliniki mama yangu hakutia kitu tumboni tangu alipoamka, kwa sababu nesi alimwambia damu ya kupima sukari inataka tumbo tupu. Alipanda basi kijijini kwetu Puge asubuhi na mapema, kikapu cha matobolwa miguuni. Ni vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha ambavyo huku kwetu tunavitafuna badala ya mkate, na njiani hakugusa hata kimoja. Ilikuwa hivyo mara moja kila mwezi. Nilifunika cherehani, nikampokea stendi, nikakaa naye kwenye foleni ya hospitali, na damu ikishatolewa na dawa zikishachukuliwa tulikwenda kula.

Mimi ni fundi wa nguo za kike hapa Tabora mjini. Nina kibanda cha kupanga, watoto wawili wa shule, na hasira za karibu ambazo wateja wangu wanazijua. Mume wangu alikwenda Mpanda kutafuta maisha, na nadhani aliyapata, maana hakurudi. Nayasema haya ili ieleweke kwamba fedha ya kula mgahawani haikuwa ikinisubiri kabatini. Niliitafuta kwa sindano, na mwanzoni niliitoa kwa moyo mweupe.

Mgahawa wenyewe ulikuwa hatua chache kutoka hospitali. Meza zilikuwa na vitambaa vya plastiki, na mlangoni palikuwa na ndoo yenye bomba la kunawia. Mama aliupenda kupita kiasi. Mwanamke huyu alikuwa amepika tangu ana miaka saba, akilisha mume, wakwe, watoto na vibarua wa shamba, na sasa mtu mwingine alikuwa akimletea sahani na kumwambia karibu bibi. Alinawa polepole. Aliketi wima ndani ya kitenge chake cha kanisani, akasali kwa kunong'ona, akala bila haraka. Tuliagiza wali na kuku wa kienyeji, kila mtu sahani yake.

Na alizungumza. Nyumbani Puge mama hakai. Ukimwambia jambo yeye yuko anafagia, au ameinama kwenye karanga. Chumbani kwangu kulikuwa na watoto. Lakini kwenye ile meza alinieleza alivyoposwa, alinieleza kuhusu watoto wawili waliozaliwa kabla yangu wakafa, na ambao sikuwahi kusikia majina yao, na siku moja alinieleza kuhusu babu yake aliyekuwa mpagazi wa misafara. Mzee yule alibeba pembe hadi pwani na kurudi na nguo na shanga, na kila walipofika hapa mjini, mama alisema, kazi ya kwanza ilikuwa kuguna juu ya bei ya mtama. Tulicheka sana siku hiyo. Mji huu umekuwa ukilisha wapita njia miaka yote, na wapita njia wamekuwa wakinuna.

Bei ilipanda kimya kimya. Ukutani palikuwa na karatasi kubwa ya vyakula, na kila ilipobadilika, mwenye mgahawa alibandika kipande kipya juu ya namba ya zamani. Baada ya muda namba zile zilikuwa zimevimba ukutani. Kuku alikuwa elfu tatu na mia tano, akawa elfu tano. Nilipomwuliza, mama mwenye mgahawa alifuta mikono kwenye aproni akanitazama kwa uchovu.

"Dada yangu, usininunie," alisema. "Mafuta ya kula ndo usiseme. Mkaa nanunua kama nanunua dhahabu. Ningeweza kukuuzia bei ile ile ningekuuzia."

Uzi wangu nao ulipanda, vifungo vilipanda, kodi ya kibanda ilipanda, ila mshono wa gauni ulibaki pale pale, kwa sababu nikiongeza kidogo tu wateja wanahamia kwenye mitumba. Tukaacha soda. Kisha mimi nikahamia kwenye maharage na kusema kuku ananiletea kiungulia. Kisha kikabandikwa kipande kingine, kuku akawa elfu saba na maharage nayo yakapanda, na siku hiyo nikaona kwamba sahani zetu mbili zilikuwa zinakula gauni zima. Nikaagiza moja.

"Na wewe?" mama aliuliza.

"Mimi nimeshakula, mama. Nilikunywa chai na chapati kabla hujafika."

Ningeweza kumwambia ukweli. Lakini kule Puge, kigangoni, mama alikuwa amekwisha kutangaza kwamba binti yake wa mjini humlisha kuku mezani kila mwezi. Wanawake wenzake walinisalimia kwa heshima nilipokwenda Krismasi, na mimi nikaipokea heshima hiyo bila kuona tabu. Nilikuwa na kiburi, na kiburi chenyewe kilikuwa cha bei ya sahani moja.

Basi nikakaa mbele yake nikimtazama akila. Sikuwa nimekunywa chai wala nini. Harufu ya ule mchuzi ilinitesa, kwa hiyo nikatoa simu nikajifanya nasoma ujumbe wa wateja. Mama aliongea kidogo, akarudi kwenye sahani yake. Mwezi uliofuata ikawa hivyo hivyo. Nikaanza kuona kwamba hamalizi. Alikula upande mmoja wa sahani, na paja la kuku akalisogeza upande wa pili, upande wangu, akaliacha pale pamoja na wali. Mwezi wa tatu alifanya tena, na mimi, mwenye njaa, mwenye gauni la watu ambalo halijakatwa kibandani, nikaona elfu saba inarudishwa jikoni.

"Mama, malizia bwana," nilisema. "Chakula cha kununua hiki."

Nilisema kwa sauti ambayo watu wa meza ya jirani waliisikia. Mama aliinuka akaenda kunawa, akarudi akachukua kikapu chake, na njia nzima hadi stendi alizungumzia mvua.

Mwezi uliofuata hakuja. Alipiga simu akasema karanga zinataka palizi. Mwezi mwingine akasema nyonga inamuuma, basi linamrusha. Nilimwambia pole, nikamwuliza dawa, akasema zipo. Nami nisifiche: nafsi yangu ilifurahi. Nilikata simu nikapiga hesabu ya kitakachobaki mfukoni, na mchana ule nikawanunulia watoto nyama.

Kisha mama mdogo, mdogo wake mama anayekaa naye Puge, akanipigia. Mama alikuwa ameanguka uani akianua mboga. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi, na mdomo ulikuwa umekwenda upande. Walimleta kwa gari la kukodi, na nilipofika hospitali nilimkuta amelala akitazama dari kama mtu anayesubiri kuitwa.

Nje ya wodi, kwenye benchi, nilimpa mama mdogo shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Nikamwuliza kama mama alikuwa anakunywa dawa.

"Dawa zipi? Ziliisha mwezi wa juzi."

"Sasa kwa nini hakuja kuchukua?"

Hapo ndipo aliponigeukia. "Aje akae atazamwe anavyokula?"

Nilidhani sikumwelewa. Akaeleza taratibu, kama mtu anavyomweleza mtoto mjinga. Mama alimwambia kwamba nimeanza kumwonea kinyaa. Kwamba namwekea chakula kama mgonjwa, mimi mwenyewe nakaa pembeni na simu. Alinigawia upande wangu wa sahani, na paja akaniwekea, akasubiri ninawe mikono. Miezi mitatu alisubiri. Sikugusa. Mwisho nikamkaripia mbele za watu amalize mwenyewe.

"Akaniambia, mtoto wangu hawezi tena kuutia mkono wake nilipotia wangu. Basi ngoja nisimsumbue."

Nikamwambia mama mdogo kila kitu. Nikamwambia chai sikunywa, chapati sikula, sahani moja ni elfu saba na mbili sikuziweza. Nililia huku nikisema, tena kwa hasira, kama kwamba yeye ndiye aliyepandisha bei.

"Haa!" alisema. "Na hiyo moja si mlikuwa nayo? Mngekula wawili."

Laiti ningeweza kuandika kwamba sikuwahi kulifikiria. Puge tulikula bakuli moja watu watano, mimi nikiwa mmojawapo hadi naolewa. Wazo lile lilinijia, siku ya kwanza kabisa, sahani ilipotua mezani. Kisha nikawaona wauguzi wawili wasichana wamekaa meza ya pembeni, na mmoja nilikuwa nimemshonea gauni la sherehe. Niliona haya anione mimi na mama yangu tunachota sahani moja mgahawani kama watu waliokosa fedha. Kwa haya hiyo nikashinda njaa miezi mitatu, na mama akaacha dawa.

Siku ya nne daktari aliruhusu chakula laini. Nikasonga ugali mwepesi nyumbani, nikapika mlenda usio na chumvi nyingi, nikavitia kwenye bakuli moja pana na kuvipeleka wodini. Mama alikuwa ameinuliwa, mito miwili mgongoni. Maneno yake yalitoka moja moja na mengine hayakutoka. Nikaketi ukingoni mwa kitanda, bakuli mapajani, na kabla sijalifunua nikamwambia.

"Mama, sikuwa nimekula. Nilikudanganya. Sikuwa na fedha ya sahani mbili."

Alinitazama. Jicho moja lilikuwa zito kuliko lingine.

"Bei?" aliuliza.

"Elfu saba."

Alifumba macho. Nilidhani amekasirika, kisha nikaona machozi yanapita kwenye shavu ambalo halikuwa na nguvu, naye hana habari nayo. Nikayafuta kwa ncha ya khanga yangu. Sikusema samahani mara moja tu. Niliisema mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akageukia ukuta kutuachia nafasi.

Nikaleta maji, nikamnawisha, nikanawa mimi, nikafunua bakuli. Nilisogea hadi magoti yetu yakagusana. "Tule, mama."

Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya shuka, mahali pale nesi alipouweka. Aliutazama. Kisha akauvuta ule wa kushoto, uliokuwa mzima, akauficha chini ya khanga.

"Kula," alisema. "Mimi... huu... mbaya."

Mama yangu, ambaye alinipiga vidole nilipokuwa mdogo kila nilipopeleka kushoto chakulani, hakuweza kuutia mkono ule kwenye bakuli la mtu mwingine. Hata langu. Nikakata tonge nikalichovya, nikalipeleka mdomoni kwake. Akafunga mdomo. Nikajaribu tena, akageuza uso. Hakuwa mtoto wa kulishwa mbele za watu. Sasa yeye ndiye aliyekaa mbele yangu akinitazama, akingoja mimi nile, na nilijua nikila peke yangu siku hiyo hatutakula pamoja tena.

Nikauweka mkono wangu wa kulia nyuma ya mgongo. Nikatia wa kushoto bakulini. Nilikata tonge vibaya, likanivunjikia, mlenda ukavutika hadi kwenye kiwiko na kuchuruzika kwenye shuka ya hospitali. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, aliyekuwa amegeuka tena, akaguna kwa mshangao. Nikala. Nikarudi bakulini na mkono ule ule.

Mama alinikazia macho.

"Huna adabu," alisema, na hilo lilitoka lote, bila kukwama.

Kisha akautoa mkono chini ya khanga, akautia bakulini karibu na wangu.