Ofisi ya Klementina Ina Pembe

Jua la kijiji cha Sapiwi limeshaanza kuuma. Klementina Maige, afisa mifugo wa kata, amesimama kando ya kibanio, njia nyembamba ya magogo inayombana ng'ombe mmoja mmoja. Mkononi ana bomba la sindano ya chanjo. Mbele yake yuko Mzee Bundala na dume lake jeusi, na mzee hataki kusikia habari za kibanio.

"Mayu," anamwita kwa heshima ya mama, "dume langu tunalikamata kwa kamba, kama siku zote. Au umeanza woga?"

Wafugaji wanaangua kicheko. Huku kumkabili dume kwa kamba na kifua ni sifa, na afisa anayekwepa pembe huwa gumzo hadi mnadani.

"Ndiyo, guku, naogopa," Klementina anamjibu babu huyo bila kupepesa macho. "Bila kibanio, leo sichanji."

Ana sababu. Mwaka jana, katika kijiji cha jirani, kamba ilichomoka na dume likambamiza kwenye mti. Mkono wa kulia, ule wa sindano, ukavunjika. Naye akaficha! Kazini akasema ameteleza bafuni, asije akaonekana kazi imemshinda. Aibu ya bure kabisa, lakini watumishi wengi wanaijua.

Mkono uliunga vibaya, hata kusonga ugali ni shida. Daktari alimwonya kwamba ukivunjika tena, kazi ya sindano basi.

Baadaye walikuja wakaguzi wa usalama kazini. Walikagua viti, nyaya na ngazi za jengo la ofisi.

"Nikawaambia, jamani, ofisi yangu mimi ina pembe," anawasimulia wafugaji akicheka. Hapo ndipo alipoeleza ukweli wa bafuni. Mwajiri wake akatoa fundi na misumari, wanakijiji wakatoa magogo, kibanio kikasimama.

Mzee Bundala anautazama ule mkono uliopinda. Kisha anatangulia mwenyewe kibanioni, akipiga mluzi wake wa malishoni, na dume linamfuata taratibu kana kwamba linakwenda kunywa maji. Mzee anatokea upande wa pili, magogo yanafungwa. Sindano inapoingia, dume linarusha teke zito. Gogo linatetemeka.

"Mayu, hilo lilikuwa lako," anasema mzee. Safari hii hakuna anayecheka.

Klementina anataka kila kijiji cha kata kiwe na kibanio kabla ya chanjo ijayo, na Mzee Bundala ameshaahidi magogo.

"Kazi hii naipenda," anasema, akikunja na kukunjua vidole. "Ila nataka nistaafu na mikono yangu yote miwili."