Siku Kicheko Changu Kilipochezwa Mkutanoni

Hii sijawahi kuwasimulia yote, maana kila nikifika katikati naona aibu hadi masikio yanapata moto, lakini leo mmenibana, basi nichekeni mmalize.

Nilikuwa kidato cha tatu, shule moja ya kata huku Ikungi, Singida, na nilikuwa na ugomvi na Mwalimu Msengi wa hesabu (ugomvi wa upande wangu peke yangu, yeye sidhani hata kama alijua). Alikuwa amenipa alama kumi na tisa kwa mia na kuzisoma mbele ya darasa, na kabla ya hapo alikuwa amenikamata na simu. Simu shuleni kwetu ilikuwa ni kufukuzwa, hakuna mjadala. Yeye akaitia mfukoni kimya kimya, jioni akapanda baiskeli hadi nyumbani, akamkabidhi mama, yakaisha. Mwenye akili angeshukuru. Mimi nikanuna, eti kanisemea kwa mama.

Mama akaificha kwenye gunia la mtama, anapoficha kila kitu, na siku ya tatu mimi nikaifukua nikarudi nayo shule ndani ya soksi.

Basi Ijumaa moja wakati wa mapumziko, niko dirishani, naona bodaboda anaingia getini, anampa Mwalimu Msengi kiroba, na mdomoni mwa kiroba umetokeza mkia wa jogoo, na mwalimu anakipokea kwa mikono miwili, anainama kidogo, anatabasamu. Sasa nyie mnajua kwetu kuku haendi kwa mtu hivi hivi: kuna mgeni, kuna msiba, kuna posa, au kuna asante. Hata mtoto wa chekechea anajua. Mimi niliyeshinda mtandaoni nikaona rushwa. Nikarekodi huku nacheka, nikaandika chini yake, "Alama za hesabu zinauzwa, bei jogoo mmoja," nikairusha kwa akaunti yenye jina la uongo.

Kufika jioni watu nisiowajua walikuwa wanamtukana mwalimu wangu utadhani kala kuku wao. Kuna mmoja wa huko mbali (Singida yenyewe nadhani anaiona kwenye ramani) aliapa kwamba anamfahamu, ndiyo tabia yake. Wakambatiza Mwalimu Jogoo. Nisiwafiche, nilifurahi, nililala nacheka.

Jumatatu furaha ikakatika. Mwalimu kaitwa wilayani, asiingie darasani mpaka ajieleze, akishindwa ndiyo basi kazi hana, na wazazi wote waje mkutanoni Jumatano. Nikaifuta ile video, lakini nafuta nini na kila mtu anayo kwenye simu yake.

Siku ya mkutano wazazi wamekaa mbele, wanafunzi tumesimama nyuma, Mwalimu Msengi yuko pembeni anaangalia viatu vyake. Afisa elimu akaiweka video kwenye kompyuta na spika kubwa. Mama yangu, ambaye simu yake ni ya tochi na hakuwa ameiona, akaitazama mpaka mwisho, kisha akasimama.

"Shikamooni wazee wangu. Huyo jogoo ni wangu."

Akaeleza yote bila kupunguza: binti yake alikamatwa na simu, mwalimu akamsitiri asifukuzwe, na yeye alikuwa shambani anavuna alizeti, ndiyo maana asante yake akaituma kwa bodaboda. Mimi huko nyuma nikapumua, nikajua mwalimu kapona na mimi nimepona. Sasa si angekaa jamani. Hakukaa.

"Hebu irudieni," akasema. "Nataka kumsikia huyo anayecheka."

Kicheko changu mnakijua, kinaishia kwa kuvuta pumzi puani kama pampu mbovu ya baiskeli. Kikachezwa kwenye spika, mama kainamisha kichwa anasikiliza. Hata hakugeuka kunitafuta.

"Salome, njoo hapa mbele."

Nikaanza kutembea, na katikati ya safari simu ikachomoka kwenye soksi, ikaanguka sakafuni, paa. Nikaiokota. Ningefanyaje?

Afisa akamuuliza Mwalimu Msengi kama nifukuzwe. Akanitazama, akasema, "Na kumi na tisa kwa mia ataenda nazo wapi? Mwacheni nimfundishe."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, nami nikalia mpaka kamasi zikanitoka. Mwalimu akaniambia jambo moja tu, nirekodi video nyingine, kwa sura yangu na jina langu, niseme ukweli. Nikarekodi. Iliangaliwa na watu kumi na wanne, na sita kati yao ni ndugu zangu. Ile ya kwanza mpaka leo inazunguka.

Mwalimu alisafishwa, lakini mwaka uliofuata akaomba uhamisho kwenda Mkalama. Juzi juzi nilikutana naye gulioni Nduguti, hukohuko Mkalama, nikamwamkia, akaitikia "marahaba mwanangu," akaniulizia mama kwa upendo kabisa. Mara mama mmoja muuza vitunguu akaita, "Mwalimu Jogoo, fungu lako hili," bila ubaya wowote, na yeye akageuka akapokea, kama ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Nilitamani ardhi inimeze. Siku hizi nikiona jambo la mtu nalishangaa kwa macho tu, simu inabaki mkobani.