Mshauri wa Ndoa wa Kitaji

Mwaka 1974 jirani yetu hapa Kitaji alikuwa mshauri wa ndoa redioni, na kila Jumamosi mtaa mzima ulinyamaza kumsikiliza. Mikono yake ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga, kwa sababu kila zamu ya shamba la ujamaa ilipofika, yeye alikuwa na barua za wasikilizaji za kujibu. Kabla ya kusema neno, hata akiomba chumvi, alikohoa mara mbili na kuanza, "Ndugu mpendwa." Mkewe, Nyamburi, alimjibu vivyo hivyo bila kumtazama: "Ndugu mpendwa, maji ya kuoga tayari."

Siku moja, tukiwa barazani kwa mshauri, alikuja mama mmoja kutoka Bugwema, mkono ameufunga kwa khanga. "Nilikuwaga kwa baba," akamwambia. "Wewe ukasema redioni mke arudi kwa mume wake, apige magoti. Nikarudi, nikapiga magoti. Akanivunja mkono." Mshauri akakohoa mara mbili. "Ndugu mpendwa, hukusikiliza vizuri. Nilisema upige magoti kwa tabasamu." Nyamburi akaweka chini ungo wa mtama, akamwingiza mgeni ndani, akampa uji, kisha akaanza kufunga nguo zake mwenyewe kwenye shuka. Asubuhi wanawake hao wawili walipitia hospitali, halafu wakapanda basi la Butiama, kwa wazazi wa Nyamburi. Mshauri naye akapanda meli kwenda Mwanza kurekodi. Jumamosi tukamsikia akitufundisha jinsi mume mwema anavyomuaga mkewe asubuhi.