Mnada wa Darasa la Tano

Nikisikia harufu ya karanga zilizotoka kuchimbwa, zikiwa bado na udongo, ninakumbuka vipindi vya Kiingereza. Tulikuwa darasa la tano, katika shule ya kijiji kimoja karibu na Mlali, mwaka ambao mvua zilitukumbuka na kila nyumba ilikuwa na kitu cha kuanika. Mwalimu Saada alikuwa Mrangi kutoka Kondoa, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Waliomtangulia walituimbisha vitenzi hadi tukasinzia. Yeye alisukuma madawati ukutani, akatuambia tulete karanga, alizeti, mlenda mkavu, vibuyu, chochote cha nyumbani, tufungue mnada humo humo darasani. Kila Alhamisi nusu yetu waliuza na nusu walinunua, mali kwa mali, kwa sharti moja tu: kila neno liwe la Kiingereza. Aliyekwama aliruhusiwa kuonyesha kwa mikono, kulia kama mbuzi, kuchora sakafuni kwa chaki, ilimradi asinyamaze.

Mimi nilikuwa bingwa wa kunyamaza. Nyumbani tulizungumza Kigogo, Kiswahili chenyewe nilikianza shuleni, na hicho Kiingereza nilikiona ni mali ya watu wengine kabisa. Darasa la nne niliambiwa nisimame nisome, nikakosea, wote wakacheka, nikaapa kuwa mdomo hautaniponza tena. Lakini mnadani hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumcheka mwenzake, kila mtu alihangaikia mzigo wake. Siku nilipobadilisha mlenda wa mama kwa kibuyu kizuri, kwa maneno sita ya Kiingereza, tena mabovu, nilirudi nyumbani ninaruka. Mama aliuliza mlenda wake uko wapi, na furaha yangu ikapungua kidogo.

Mwalimu mkuu, ambaye ofisi yake ilipakana na darasa letu, hakufurahi hata chembe.

"Mwalimu Saada, hili ni darasa au mnada wa ng'ombe?" aliuliza siku moja akiwa mlangoni. "Debe tupu haliachi kuvuma."

"Ndiyo tunalijaza, mwalimu mkuu," alijibu Mwalimu Saada kwa upole. "Likijaa litatulia."

Tukajua kwa jibu lile Mwalimu Saada ameshaharibu. Tuliambiwa kwamba mkaguzi wa shule anakuja Alhamisi inayofuata, na akiona ni mchezo, mnada unafungwa na madawati yanarudi mahali pake. Wiki ile ugali ulinishinda. Kwangu mimi, kufungwa kwa mnada maana yake ilikuwa kurudi kuwa bubu.

Mkaguzi alikuwa mzee wa mvi aliyevaa suti. Alizunguka darasa zima, kisha kati ya watoto wote akasimama mbele yangu, akaniuliza kwa Kiingereza ninauza nini. Jibu nililijua. Lakini kwetu mtoto hamtajii mzee bidhaa kabla ya kumsalimu, na salamu yetu si neno moja. Unauliza nyumba, watoto, mifugo, mvua, ndipo mnafika kwenye jambo. Mwalimu mkuu akakohoa. Nikapiga goti kidogo, nikaanza kwa Kiingereza changu cha kuungaunga: Nyumbani kwako hawajambo? Watoto wazima? Ng'ombe wanakula? Mvua imefika kwenu? Nilidhani nimeua mnada kwa mikono yangu, maana nilichoulizwa sikukijibu. Mzee alivua miwani, akanijibu swali moja baada ya jingine, taratibu, kwa Kiingereza: nyumbani wazima, watoto wazima, ila ng'ombe mmoja anaumwa mguu. Nikamwuliza mguu upi. Akacheka sana, akamgeukia mwalimu mkuu, "Huyu anazungumza, mwalimu. Waache." Nilimpenda mzee yule, na nilimpenda zaidi Mwalimu Saada, ambaye alikuwa ametupa mgongo anafuta ubao usio na hata herufi moja.

Siku hizi mwalimu mkuu ni mimi, Dodoma mjini. Watoto wanakuja shuleni na Kiingereza cha katuni, vitabu tunavyo, na mitihani ya majaribio haiishi. Muhula uliopita kelele za darasa la tano zilinifuata ofisini, nikajaza taarifa moja mara tatu. Nilikwenda. Mwalimu kijana alikuwa amewapanga watoto wanaigiza hospitali, wagonjwa wanalia, madaktari wanauliza kwa Kiingereza. Nikasema, "Punguzeni kelele." Akaomba radhi, watoto wakarudi vitini na kufungua madaftari. Nilikuwa nimefika katikati ya varanda ndipo kile kimya kiliponiuma. Nikarudi, nikamwomba radhi mbele ya wanafunzi wake, nikawaambia waendelee. Hakuna aliyefungua kinywa. Kuwanyamazisha kulinichukua maneno mawili. Kuwarudisha kulitumalizia kipindi kizima, mimi nikiwa nimelala juu ya meza kama mgonjwa. Na hata hapo daktari wangu, binti wa miaka kumi, kabla ya kuniuliza panauma wapi, alinitazama kwanza usoni kuona kama ameruhusiwa.